Filamu Iliyokatika Papa Akiwa Mlangoni

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi televisheni ya marehemu mama, ile nzito yenye mgongo ambayo watoto wangu wanaicheka kila wakiiona. Sikutarajia ipone. Nilitaka tu mtu mwingine aniambie kwamba imekufa, nisiwe mimi niliyeamua kuitupa. Fundi akafungua mgongo wake, akaiunganisha na umeme, na baada ya muda mfupi ikapanda ile harufu ya vumbi linaloungua juu ya vyuma vyenye moto. Ikabidi nikae kwenye benchi lake. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu jinsi baba yangu alivyokaribia kufa ndani ya filamu. Alinitazama kwa huruma, kisha akaendelea na bisibisi yake.

Sisi tuliokuwa watoto Likasi, mji wa migodi, miaka ile kampuni ilipoporomoka hatuhitaji kuelezana sana. Tulikaa mtaa wa Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, kila moja na kibaraza chake na kabustani ambako zamani palikuwa na maua na sasa palikuwa na matembele. King'ora cha kazi kilikuwa kimenyamaza. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, aliendelea kuamka saa ile ile ya king'ora, akanawa, akavaa, kisha akakaa kwenye kiti akiangalia mlango. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilidhani ni likizo. Alinitengenezea baiskeli ndogo ya waya, akanifundisha kucheza dama kwa vizibo vya chupa. Nilifurahi sana. Leo naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Furaha hiyo ilikatika siku baba na wenzake watatu wa karakana walipoamua kwenda kuchoma makala, yaani makaa ya kuuza. Papa Kalenga alikuwa mnene na mpenda utani. Papa Ngosa alikuwa mtu wa kimya. Nadhani katika maisha yangu yote nilikuwa nimemsikia akisema maneno kumi. Wa nne alikuwa Mwepu, niliyemwita Yaya, yaani kaka, kijana ambaye hakuwa ameoa bado na aliyekula kwetu mara nyingi kuliko kwao. Walifunga mashoka na masufuria kwenye baiskeli, wakaelekea upande wa Mwadingusha, ambako miti ilikuwa bado mingi. Huko walijua nyumba ya mbao iliyoachwa na watu waliokuwa wakipima msitu zamani. Baba alinieleza ili nisilie.

"Mule mu nyumba tutakuwa bane tu," alisema, "sawa batoto ba internat banalala ku masomo. Mulango moja, dirisha moja. Papa Kalenga njo atajaza nyumba yote."

Kazi ya makala haina tarehe. Unakata miti, unaipanga, unaifunika kwa udongo, unawasha moto, halafu unalinda tanuru mchana na usiku, kwa maana udongo ukipasuka upepo unaingia na kila kitu kinakuwa majivu. Hakuna aliyeweza kusema watarudi lini. Lakini hata kama ingejulikana, nyumbani kwetu isingesemwa. Mama alikuwa mtu wa kanisa la maombi, wa kufunga na kukesha, na alikuwa amechoma kwa mkono wake dawa zote za bibi yake. Mwiko mmoja tu ulibaki, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua kwamba ulibaki: mtu aliye porini hatajwi jina, wala haulizwi siku ya kurudi.

"Pori inasikiaka," alisema nilipomuuliza Papa atarudi siku gani.

Nikamuuliza kama maneno hayo yamo kwenye Biblia.

"Kula bukari yako," alisema, akinisogezea ugali.

Basi nyumba ikawa na mtu mkubwa ambaye hatumtaji. Mama aliosha shati lake la kazi ambalo halikuwa chafu, akalianika, akalipiga pasi, akalirudisha sandukuni. Mimi nilibaki na maswali yangu, na mtoto mwenye maswali asiyejibiwa huenda kuyatafutia majibu mahali pabaya.

Mahali hapo palikuwa kwa Papa Déo, mistari mitatu kutoka kwetu. Papa Déo alikuwa na televisheni na mashine ya video, na sebule yake ilikuwa imegeuka sinema ya mchana. Tatizo lake lilikuwa jua. Madirisha ya nyumba za kambi ni makubwa, na bila giza picha haionekani; kwa hiyo mtoto aliyekuja na blanketi la kuziba dirisha aliingia bure, akakaa chini mbele kabisa. Mama alinikataza nisikanyage pale. Alisema filamu ni mlango wa shetani. Lakini kila Alhamisi baada ya chakula alikwenda kwenye maombi ya wamama, na blanketi la kitanda chao lilikuwa zito, jeusi, la kufaa kabisa.

Filamu zilitoka Zambia, kwa Kiingereza, lugha ambayo kambini petu hakuna aliyeijua isipokuwa mtu mmoja aliyeitwa Fwamba. Fwamba alikuwa ameishi Ndola, huko huko Zambia. Alisimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, akatueleza kila kinachotokea, na mambo mengine ambayo hayakutokea. Majina ya kigeni hayakushika vichwani mwa watu, kwa hiyo kila mtu wa kwenye filamu alipewa jina la mtu wa kambi. Zamani aliwapa majina ya watu waliokuwamo humo ndani, mpaka siku moja mtu aliyepewa jina la mwizi aliposimama na kumrukia, na meza ikavunjika. Tangu hapo Fwamba alijiwekea sheria: anatumia majina ya wasiokuwepo tu. Mtu ambaye hayupo hapigani. Wakubwa wote waliijua sheria hiyo na walikuja nusu kwa ajili ya filamu, nusu kwa ajili ya kusikia nani leo atakuwa nani. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilidhani Fwamba anawajua.

Alhamisi ile nilikaa karibu na kioo kiasi kwamba vumbi lililokuwa likiungua ndani liliniwasha pua. Picha ilikuwa na chenga na rangi zimekwisha. Watu wanne walikuwa wakitembea msituni wakibeba mizigo.

"Bantu bane," alisema Fwamba, fimbo juu ya kioo. "Kazi iliisha, banaenda mu pori kupumuzika. Huyu munene, Papa Kalenga."

Watu wakapiga makofi.

"Huyu wa kunyamaza, Papa Ngosa. Huyu kijana, Mwepu. Na huyu wa shati nyekundu…" Akageuka, akapitisha macho taratibu juu ya vichwa vyetu. Nilidhani ananitafuta mimi. Sasa najua alikuwa anahakikisha baba hayumo. "Huyu njo Papa Béa."

Béa ni mimi, na Papa Béa ni baba yangu.

Mtaniuliza, hukuona kwamba ni wazungu? Niliona. Lakini baba alikuwa na kadi ya kazi yenye picha, na mpiga picha wa kampuni alikuwa amemwashia taa machoni, na kwenye picha ile baba alikuwa mweupe kama unga. Nilikuwa nimeshaelewa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba mashine za picha zinafua watu. Na je, wanne wale hawakwenda msituni? Hawakuingia kwenye nyumba ya mbao yenye mlango mmoja na dirisha moja? Yule mnene hakujaza nyumba? Mwenye macho haambiwi tazama.

Ndani ya msitu ule kulikuwa na kitu. Hakikuwa na uso. Kilikuwa na tabia moja, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi: kilijifunza sauti. Mwepu alitoka kuokota kuni, hakurudi. Baadaye mlango ukagongwa, na sauti ikawa ni ya Mwepu, ikibembeleza: nifungulieni, nasikia baridi. Papa Kalenga akatoka. Kisha Papa Ngosa akasikia sauti ya Kalenga, naye akatoka. Na kila mmoja alipokufa, wakubwa nyuma yangu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Eeh, Kalenga! Na unene yako yote!"

"Ngosa anakufa bila kusema hata kitu!"

Sikuelewa watu hawa ni wa namna gani. Mke wa Papa Kalenga alitukopesha chumvi, na majirani zake walikuwa wakimcheka mume wake akifa.

Akabaki Papa Béa peke yake. Nje, sauti tatu za marafiki zake zilimwomba afungue. Alisimama katikati ya chumba, jasho likimtoka. Akaenda mlangoni. Akaweka mkono juu ya komeo. Na hapo hapo picha ikajikunja, ikawa nukta moja katikati ya kioo, nukta ikazimika.

"Aaah!" ukumbi mzima ulipiga kelele. Umeme ulikuwa umekatika.

Papa Déo alishusha mablanketi, jua likaingia, na watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Fwamba aliinua fimbo. "Courant ikirudia, tutaendelea pale pale!"

Nilirudi nyumbani na blanketi kichwani. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Baba amesimama kule, mkono juu ya komeo, na atasimama hivyo hivyo hadi umeme urudi. Umeme ukirudi, mlango utafunguka.

Miaka ile umeme ukikatika ulijua siku uliyokatika tu. Watu walisema ni mashine ya umeme ya bwawa la Mwadingusha iliyoharibika, wengine walisema nyaya zimeibwa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na mashine ya kusaga ya kambi ilikuwa imekaa kimya. Wamama walirudi kwenye kinu. Jioni walikusanyika sebuleni kwetu, mikono yao ina malengelenge, wakamwomba Mungu arudishe umeme. Walipaza sauti, walilia, walitaja damu ya Yesu. Na mimi, nikiwa nimepiga magoti pembeni ya mama, nikiwa nimefumba macho kuliko wote, niliomba: Bwana, usirudishe. Bwana, usiwasikilize hawa.

Dua la kuku halimpati mwewe, wanasema. La kwangu lilimpata. Siku ya tatu, hakuna umeme. Siku ya nne, hakuna. Nilianza kuogopa nguvu zangu mwenyewe. Nilimwona mama akitwanga mahindi, mgongo ukimuuma, akisimama kidogo na kujishika kiuno, na nilijua ni mimi ninayemtwangisha. Nilitamani kumwambia. Lakini kumwambia ni kutaja jina la aliye porini, na kukiri kuhusu sinema, na kukiri kuhusu blanketi. Nikanyamaza na kuendelea kuomba kinyume.

Siku ya tano ilikuwa Jumatatu. Mama aliamka mapema, akajitwika beseni la mahindi kwenda Shituru, kwa mtu mwenye mashine ya kusaga inayotumia mazutu, yaani dizeli.

"Funga mulango," aliniambia. "Muntu akikuya, usifungule."

Haikupita saa nzima mlango ukagongwa.

"Béa! Ni minye, Mwepu. Fungula!"

Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo. Niliona uso mweusi kwa masizi, macho mekundu, kitambaa kimefungwa kichwani. Sauti ilikuwa ya Yaya Mwepu kabisa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Béa, niko nakuona pa tundu. Mama yako iko wapi? Papa yako iko na fièvre mukali, mwili yake moto, tangu siku mbili haamuke. Nilikuya na lori, inarudia saa sita. Natafuta dawa ya kinini na mashuka. Fungula, mutoto."

"Yaya Mwepu alikufa," nilisema.

Alisogeza mdomo kwenye tundu.

"Nani alikufa?"

"Weye."

"Béa, minye niko hapa, niko nasema na weye!"

"Njo vile unasemaka."

Nikasukuma meza hadi mlangoni, nikaweka viti viwili juu yake, nikapanda juu ya viti na Biblia ya mama mikononi. Yule wa nje alibembeleza. Alinikumbusha siku aliyonibeba mgongoni kutoka mtoni. Aliniimbia hata wimbo wa kuruka kamba tulioimba pamoja. Kila alichokumbuka kilizidi kunithibitishia kwamba kitu kile kimemmeza mzima mzima, pamoja na kumbukumbu zake. Mwishowe alikasirika, akapiga mlango teke, akanitukana kwa Kiluba, kisha akaenda kumtafuta mama kwa majirani. Majirani nao walikuwa Shituru. Akarudi, akakaa juu ya kinu chetu, akainamisha kichwa. Kutoka kwenye tundu la ufunguo niliona kivuli cha mti kikifupika. Saa sita ikafika. Lori likaondoka bila yeye.

Mama alirudi alasiri, unga kichwani. Nilimsikia akipiga ukelele mmoja mfupi, kisha sauti zao mbili kwa chini, kisha mlango ukagongwa tena.

"Béa, fungula. Ni mama yako."

Sikufungua. Mtu atacheka, lakini fikirini kidogo: kitu kile kilijifunza sauti, na sasa kilikuwa na ya mama. Nililia kimya juu ya viti vyangu. Nilijua sasa nimebaki peke yangu duniani.

"Béa! Nitahesabia mpaka tatu. Kama minye naingia mule, leo utaniona nani mi niko! Moja!"

Nikainua kichwa. Kitu cha msituni kilibembeleza tu. Hakikutishia mtu hata mara moja.

"Mbili!"

Huyu alikuwa mama. Nilishusha viti na meza haraka kuliko nilivyovipandisha.

Nilipokuwa nafungua nilikuwa tayari kwa kipigo, na nilikiri yote kwa pumzi moja kabla fimbo haijatafutwa: Papa Déo, blanketi, Fwamba, wanne, Mwepu kufa wa kwanza, komeo, na maombi yangu ya kinyume ya siku tano. Yaya Mwepu alisikiliza mdomo wazi. "Minye njo wa kwanza kufa?" aliuliza. "Mbele ya Kalenga?" Mama alikaa chini kwenye sakafu, beseni la unga pembeni yake, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu kweli akalia, akanivuta kifuani, na nikasikia moyo wake unavyokimbia. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote zile na yeye aliogopa, kila siku, kila alipolipiga pasi lile shati. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mama anaweza kuogopa.

Alipojifuta machozi alinishika mkono, akatoka na mimi, na tukaenda moja kwa moja kwa Fwamba, ambaye alikuwa amekaa kibarazani kwake akitengeneza redio.

"Weye Fwamba! Juu ya nini unatajaka jina ya bwana yangu mu film ya mauti?"

"Mama Béa, pardon, minye natajaka tu bale habako mu salle," alisema Fwamba akisimama. "Ni sheria. Bote banajua."

"Mutoto hakujua! Siku tano anaona papa yake ku mulango!"

Fwamba akanitazama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona. Mbele ya kioo sote tulikuwa visogo tu. Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu Alhamisi.

"Tonton, Papa Béa anafungula?"

Alimwangalia mama. Akaniangalia mimi. Akaweka redio chini, akachuchumaa hadi macho yetu yakalingana.

"Hapana," alisema. "Hafungule. Anangojea mpaka asubui. Asubui ile kintu inaenda, na Papa Béa anarudia kwabo. Yeye njo anabakia."

"Kweli?"

"Minye niliiona ile film mara tatu."

Sijaiona filamu ile tena. Mashine ya Papa Déo iliitafuna kanda yake mwaka ule ule. Nimekwisha kuona nyingine nyingi za aina hiyo, na najua kwa kawaida zinaishaje. Simlaumu Fwamba kwa lolote.

Alfajiri ya kesho yake mama na Yaya Mwepu walipanda lori lingine, na kinini ndani ya kitenge. Mimi niliachwa kwa mke wa Papa Kalenga. Kila lori lilipopita nilihesabu usiku mmoja ule niliomwongezea baba kwenye homa. Maji yakishamwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeyamwaga kwa mikono miwili, nikiwa juu ya viti, nikiwa na Biblia. Sikula. Mke wa Papa Kalenga aliniambia wagonjwa hawaponi kwa sababu watoto wamekataa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nikala kidogo.

Siku tatu baadaye, mchana, walitokea mwisho wa barabara. Mwepu alikuwa anasukuma baiskeli, na juu ya kiti cha nyuma, kati ya magunia mawili ya makala, amekaa mtu mwembamba, shingo ndefu, kofia imemzidi kichwa. Mama alikuwa nyuma amebeba viatu vyake mkononi. Nilikimbia mpaka nikafika mbele yao, kisha nikasimama, sikuweza kusogea.

"Béa," alisema yule mtu. "Unaogopa nini? Niko tu mukavu kidogo."

Niligusa goti lake. Lilikuwa la moto, lina mfupa, lina jasho. Nilishika suruali yake na sikuiachia hadi nyumbani.

Alilazwa kitandani, akanywa uji. Nikamwambia habari ya lori, kwa sababu mama alikuwa ameniambia niseme mwenyewe. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Usiku ule ulikuwa mukali," alisema. Hakunificha. "Nilikuwa naona bantu ku ukuta. Ngosa aliikala pembeni yangu, akaanza kusema. Ngosa! Akasema maisha yake yote, tangu kuzaliwa kwake Kamina, bibi wa kwanza, bibi wa pili, mbuzi yake, bintu yote, mpaka asubui. Kila mi nafunga macho, anasema, ngojea, bado sijafika ku mwisho. Ningekufa namna gani? Nilikuwa nataka kujua ile mbuzi ilienda wapi."

"Ilienda wapi?"

"Ilikufa," alisema baba, akacheka mpaka akakohoa, na mama akampokonya bakuli kabla uji haujamwagika.

Sikuondoka pembeni yake. Jua lilikuwa linashuka, chumba kikaanza kuwa cheusi, mama alikuwa nje anapuliza jiko. Na hapo, bila onyo, kambi nzima ikapiga kelele, ule ukelele wetu wa kila mara, nyumba kwa nyumba, watoto kwa wazee: "Eeeeh! Courant!"

Taa ya chumbani iliwaka juu yetu. Nilishika mkono wa baba kwa mikono yangu miwili, ule ule wa kwenye komeo, nikauangalia, nikangoja. Nje watu walicheka na kupigiana makofi. Mbali, mashine ya kusaga ilianza kunguruma. Baba alifungua jicho moja, akakunja uso, akajifunika kwa mkono mwingine.

"Béa," alisema, "zima ile ampoule. Iko nanichoma mu macho."

Nikaangalia mlango. Hakuna kilichogonga. Nikaachia mkono wake, nikakimbilia swichi, nikazima, na gizani nikamsikia akigeukia ukuta na kuanza kukoroma.